Nyuma ya Ukuta Kuna Nini?

Mama alidhani nimepata kazi ya mjengo. Nilimpigia saa tatu usiku kumuuliza ule ukuta kati ya jikoni na tulipokuwa tukilala ulikuwa wa nini, mawe ama mbao.

"Ukuta gani sasa?"

Wa ile nyumba ya zamani, nikamwambia, iliyobomolewa wakati wa barabara. Akanyamaza kidogo. "Na wewe uliacha chuo ndio uje kuniuliza maswali ya ukuta?"

Nilikuwa naijenga upya ndani ya gemu inayoitwa Teardown. Ni gemu kutoka Malmö, Uswidi, na karibu kila kitu ndani yake kinavunjika: ukuta, kiti, gari, ngazi. Wachezaji hutengeneza modi zao, yaani nyongeza, na wengine hujenga nyumba nzima zenye kabati zinazofunguka na swichi za taa zinazofanya kazi. Halafu watu huingia na nyundo. Najua, ni burudani ya ajabu kwa mtu aliyewahi kusimama kando ya tingatinga.

Lakini historia ya hizi nyumba ni ndefu kuliko nilivyodhani, na haikwenda moja kwa moja. Mwaka 1978 Space Invaders tayari ilikuwa na ngao nne zilizoliwa kidogo kidogo na risasi, za adui na zako pia. Ungetarajia kuanzia hapo kila ukuta uvunjike. Wapi! Doom ilipotoka 1993 ungeweza kumaliza makombora yako yote kwenye ukuta na usitoboe hata tundu. Ukuta ulikuwa picha, na nyuma ya picha hapakuwa na kitu.

Doom ilikuwa na jambo lingine, hata hivyo. Waundaji wake, id Software, waliweka ramani na picha kwenye faili za kando zilizoitwa WAD, kwa hiyo mchezaji wa kawaida aliweza kuweka zake. Na watu wengi walianza na nini? Nyumba zao wenyewe. Sebule, korido, chumba cha kulala, halafu majini kila kona. Ikawa mzaha wa kudumu kwamba mgeni utamjua kwa ramani ya kwao. Mwaka 2023 modi moja, MyHouse.wad, ilichukua mzaha huo ikaugeuza kuwa kitu cha kutisha: nyumba ya kawaida kabisa ambayo hubadilika kadiri unavyozunguka ndani yake.

Upande wa kuvunja ulisukumwa na Red Faction. Ile ya 2001, iliyochezwa kwenye PlayStation 2, ilikuruhusu kuchimba handaki kwenye mwamba kwa kombora, ila pale tu waundaji walipotaka. Iliyonivutia zaidi ni Red Faction: Guerrilla ya 2009. Humo kompyuta ilipiga hesabu ya uzito wa jengo. Majengo yaliyochorwa kwa kukadiria macho yakawa yanaanguka yenyewe kabla hata ya kuguswa, na wasanii wakalazimika kufikiria nguzo na boriti kama fundi wa kweli. Ukishakubali nyumba ivunjike, huwezi tena kudanganya ilivyojengwa.

Teardown ilianza kuuzwa Oktoba 2020 ikiwa bado haijakamilika, ikakamilika Aprili 2022. Kiongozi wake, Dennis Gustafsson, alikuwa miongoni mwa waliotengeneza Smash Hit ya 2014. Kama ulikuwa na simu enzi hizo, huenda ulipasua vile vioo ukiwa ndani ya matatu. Hapa kila kitu ni michemraba midogo, vokseli, kila upande sentimita 10. Unaichora kwenye programu ya bure, MagicaVoxel, na nafasi ya rangi kwenye orodha ndiyo inayoamua kama ni kioo, mbao au chuma. Mlango unahitaji bawaba. Swichi inahitaji msimbo mfupi wa Lua.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa mabati. Bati la kwetu lilikuwa jembamba hivi kwamba ulisikia jirani akigeuka kitandani. Kwenye gemu likawa na unene wa sentimita 10, kama la benki. Kuna ujanja wa kupunguza kipimo, nikaupata baada ya wiki. Shida ya pili ilikuwa ule ukuta.

Mama akapiga mwenyewe siku iliyofuata. "Ilikuwa hadibodi," akasema. "Pande mbili, katikati wazi. Hapo katikati ndipo nilikuwa naficha mkebe wa Kimbo."

"Wa nini?"

"Karo yako. Siku ile tulitoka na godoro na sufuria. Mkebe ulibaki."

Nilikuwa kidato cha pili. Muhula huo nilikaa nyumbani. Nilijua ni karo. Sikujua ni ukuta.

Nikaweka hadibodi pande mbili, na katikati mkebe, michemraba michache ya njano. Kisha nikachukua nyundo. Ukuta ulipasuka upesi, mkebe ukabingirika hadi mlangoni. Nikaendelea, mlango, dirisha, nguzo moja baada ya nyingine, lakini Teardown haihesabu uzito kama Guerrilla: kilichoshikwa na vokseli moja hakianguki. Paa zima lilibaki hewani, juu ya mchemraba mmoja wa nguzo ya kona.

Jumapili nilimpelekea Mama laptopu, nyumba ikiwa nzima tena. Aliitazama muda mrefu, akaomba nimwonyeshe jikoni, akaomba nirudi nje.

"Mlango ulikuwa unafungukia nje," akasema. "Kwa ndani kulikuwa na jiko."

Nikafungua faili nibadilishe bawaba.