Mama Bata na Vifaranga Wanane
Bustani ya Public Garden, Boston, Marekani

Tafadhali waguse. Watoto, wapandeni. Nancy Schön, mchongaji wa Massachusetts, hakuwainua bata hawa juu ya jukwaa. Aliwapanga chini, juu ya mawe ya zamani ya mitaa ya Boston, ili mtoto awafikie bila kubebwa. Kimo kilihitaji uangalifu. Bata wa ukubwa halisi wangepotea katika bustani hii, na wakubwa kupita kiasi wangewatisha watoto wadogo. Mama akapewa takriban sentimita 97.

Walifinyangwa kwanza kwa udongo, kisha wakasubiwa kwa shaba nyeusi. Mng'ao wa dhahabu unaouona vichwani na migongoni umeletwa na viganja na suruali za watoto tangu mwaka 1987, sanamu zilipowekwa hapa bustani ikitimiza miaka 150. Hakuna king'arisho cha dukani kinachoweza kufanya kazi nzuri kama hiyo.

Familia hii inatoka katika kitabu cha watoto cha Robert McCloskey cha mwaka 1941, ambamo askari polisi anazuia magari ili bata wavuke barabara kwenda kwenye ziwa la bustani hii. Majina ya vifaranga yanafuata alfabeti: Jack, Kack, Lack, Mack, Nack, Ouack, Pack na Quack.

Mwaka 1991 familia ya pili ya sanamu hizi ilipelekwa Moscow, zawadi kwa watoto wa Umoja wa Kisovieti. Baadhi ya vifaranga wa huko waliibwa. Wapya waliwekwa mwaka 2000.