Farasi Asiye na Jina: Hadithi za Watoto na Mnyama wa Kupandwa katika Pwani ya Kusini

Katika fasihi ya watoto ya Kiingereza, hadithi ya farasi ni utanzu kamili, wenye historia yake, watunzi wake na wasomaji wake waaminifu. Katika fasihi ya Kiswahili utanzu huo haukuota mizizi. Aghalabu jambo hili huelezwa kuwa ni upungufu, kana kwamba watunzi wa Kiswahili walichelewa kufika mahali ambapo wenzao walikwisha kufika. Maelezo hayo hayatoshi. Kabla ya kumlaumu mtunzi, yafaa kwanza kuitazama ardhi.

Juu ya Diani, barabara ya kwenda Kwale inapopanda, kuna Milima ya Shimba, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Msitu wake ni makao ya mbung'o, na mbung'o hueneza nagana, maradhi ambayo kiini chake kilitambuliwa na David Bruce huko Zululand katikati ya miaka ya 1890. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika vibaya zaidi na nagana. Punda hustahimili kuliko yeye. Kwa hiyo mtoto wa Msambweni au wa Kwale hakuwa na zizi la farasi la kuchungulia. Mnyama wa pori anayemkaribia farasi katika milima hiyo ni palahala, ambaye wataalamu wa wanyama wamempa jina la Kiyunani lenye maana ya mbuzi-farasi. Hakuna amtiaye palahala hatamu.

Farasi aliyemfikia mtoto huyu alikuja kwa njia ya maneno. Jina lake lenyewe lilitoka kwa Waarabu. Alikuja katika tenzi za vita, kama Chuo cha Herekali cha Mwengo wa Athumani kilichotungwa Pate mwaka 1728, na katika habari za Miraji, ambamo Buraki husimuliwa kuwa mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu. Huyu ni farasi wa kusikilizwa, si wa kulishwa.

Yule wa Waingereza ana asili nyingine. Anna Sewell alitoa Black Beauty mwaka 1877, miezi michache kabla ya kufa kwake, na hakuwakusudia watoto hasa bali watu waliowashika farasi kazini. Farasi mwenyewe ndiye msimulizi. Jambo ambalo wahakiki hulipita haraka ni majina yake: mara kadhaa anapouzwa hubadilishwa jina. Huwa Black Beauty, kisha Black Auster, kisha Jack, kisha Old Crony, na jina la kwanza humrudia mwishoni tu. Sewell alijua kwamba jina la mnyama ni hati ya mwenye mali. Waliomfuata waliisahau nusu ya pili ya fikra hiyo. Kuanzia A Pony for Jean ya Joanna Cannan (1936), na baadaye katika kazi za binti zake watatu, Josephine, Diana na Christine Pullein-Thompson, msimulizi huwa ni mtoto mpandaji, na kupata farasi wa kumwita wako huwa ndio upeo wa furaha. Jina linageuka kuwa zawadi. Mkataba wa mauzo haumliizi mtu tena.

Utanzu huu ulipofika Kenya, ulifika bara, kwenye nyanda za juu zisizo na mbung'o. Elspeth Huxley, katika The Flame Trees of Thika (1959), anakumbuka farasi wake mdogo wa utotoni aliyeitwa Moyale, jina la mji wa mpakani mwa Uhabeshi. Beryl Markham, aliyekulia Njoro katika mazizi ya baba yake, aliandika juu ya farasi katika West with the Night (1942). Vitabu hivi havikuandikwa kwa watoto, lakini utoto uliomo ni utoto wa mlowezi: ardhi ni ya baba, farasi ni wa mtoto, na mtunza zizi Mwafrika husimama pembeni ya ukurasa.

Pwani ilikuwa na hadithi yake tayari. George Bateman alichapisha Zanzibar Tales mjini Chicago mwaka 1901, na humo mna kisa cha mtoto wa sultani aliyechukuliwa na mchawi mla watu. Mtoto anafungua chumba alichokatazwa, anamkuta farasi amefungwa, na farasi ndiye anayemwambia yuko nyumbani mwa nani. Wanaokoana. Bateman aliwaandikia wasomaji wake wa Marekani majina ya wawili hao kama Keejaanaa na Faaraasee, na msomaji wa Chicago huenda alidhani ni majina ya watu. Si majina: ni kijana na ni farasi, basi. Hakuna aliyemnunua mwenzake wala aliyempa mwenzake jina. Farasi ndiye mwenye maarifa, na mtoto humtii. Hapa pana urafiki usio na umiliki ndani yake, ambao vitabu vya Cannan na binti zake vilikuwa vikiutafuta bila kuufikia. Ni ajabu kwamba waandishi wa hadithi za watoto wa Kiswahili hawajaurudia mara nyingi zaidi.

Punda hakubahatika hivyo. Katika Swahili Tales ya Edward Steere (1870), kima humsimulia papa kisa cha punda wa dobi, kisa chenye asili ya Kihindi kilichopita katika Kalila na Dimna. Punda anadanganywa na sungura aende kwa simba, anaponea chupuchupu, anadanganywa tena, anauawa. Na sungura anakula moyo na masikio kisha anadai kwamba punda hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi. Wasikilizaji hucheka. Naye hana jina. Anajulikana kwa kazi ya bwana wake. Katika sehemu kavu za Kinango punda hadi leo hubeba madumu ya maji, na wanaomswaga mara nyingi ni watoto wa umri ule ule ambao Cannan aliwaandikia. Watoto hawa wanamjua mnyama wa kupakiwa kuliko msomaji yeyote wa Uingereza, wanajua bega lipi lina kidonda na kisima kipi humtisha. Kisa wanachofundishwa juu yake ni kile cha mnyama asiye na moyo wala masikio, na hakuna Sewell wa Kiswahili aliyempa punda huyo nafasi ya kukisimulia mwenyewe.