Kima, Papa na Sultani Asiyeonekana

 Hapa Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka huu, uliosogezwa na Waingereza mwaka 1902, tumelelewa na hadithi za sungura anayewashinda wenye nguvu. Leo tuwaangalie ndugu zake katika historia ya Waislamu: wanyama wanaosema, na picha za vivuli. Vyote viwili vilitumika kuwasema wakubwa bila kuwataja.

Mnamo mwaka 750 hivi, Ibn al-Muqaffa, mwandishi wa asili ya Kiajemi aliyeishi Basra, alikitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha Kalila na Dimna, chenye asili ya India. Dimna ni mbweha mfitini anayemchonganisha mfalme simba na rafiki yake fahali, hadi simba anamwua. Kila aliyewahi kukaa barazani kwa mkubwa anamjua Dimna wake! Ibn al-Muqaffa mwenyewe aliuawa karibu mwaka 756, akiwa bado kijana. Wanahistoria wengi husema kilichomponza ni hati ya amani aliyomwandikia ami yake Khalifa al-Mansur, yenye masharti makali mno. Yaani aliponzwa na maneno ya wazi. Simba na mbweha wake walibaki salama, na mpaka leo tunawasoma.

Karne tano baadaye, huko Cairo, Ibn Daniyal, tabibu wa macho kutoka Mosul, aliandika michezo mitatu ya khayal al-zill, yaani taswira za kivuli: vikaragosi vya ngozi nyuma ya pazia lenye taa. Mmoja unawapitisha watu wa sokoni, muuza dawa za uongo, mcheza nyoka, mhubiri mwenye tamaa. (Lugha yake kwingine haifai mbele ya watoto.) Kivuli hakina uso. Kinabaki kilemba, tumbo na mkono ulionyooshwa, na mtazamaji anajaza jina mwenyewe.

Huku kwetu, Edward Steere alichapisha mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Mojawapo, ya kima na papa, asili yake ni Kalila na Dimna. Kule, kobe anautaka moyo wa nyani kwa ajili ya mke wake aliyejifanya mgonjwa. Zanzibar, mgonjwa ni sultani. Kwa maoni yetu badiliko hilo si la bure: anaumwa mkubwa, dawa ni moyo wa mdogo.

Familia zikitaka kujaribu, shuka jeupe, tochi na boksi la karatasi vinatosha. Kateni mkuyu, kima na papa. Sultani msimkate, maana hadithi nzima haonekani.