Mwalimu wa Amani

Je, mafundisho mema hufa pamoja na sifa ya aliyeyafundisha? Swali hili nimeishi nalo tangu niliposoma habari za John Howard Yoder, mwanateolojia wa Kimennonite, aliyezaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1927 na kufariki mwaka 1997.

Wamennonite si wageni kwetu. Wamisionari wao walifika Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1934. Ni Wakristo wanaokataa kushika silaha hata wakati wa vita. Yoder aliitetea imani hiyo mbele ya wasomi wa dunia, hasa katika kitabu chake The Politics of Jesus cha mwaka 1972. Alisema kwamba kutolipiza kisasi ni mwenendo wa kufuatwa na kanisa zima, hata mbele ya dola.

Mwaka huohuo Warundi kwa maelfu waliyakimbia mauaji ya kwao. Wengi walipewa makazi Katumba, na baadaye Mishamo, huku kwetu Mpanda. Sisi tuliowapokea hatuhitaji kuelezwa thamani ya mafundisho hayo.

Lakini kwa miaka mingi mtu huyo aliwanyanyasa wanawake kingono, wakiwamo wanafunzi wake. Uchunguzi wa mwanahistoria Rachel Waltner Goossen, uliotolewa mwaka 2015, unaonyesha kuwa huenda walizidi 100. Wakubwa wa seminari yake huko Indiana walikuwa na habari tangu miaka ya 1970. Walisemezana naye faraghani, na mwaka 1984 aliondoka bila umma kuambiwa sababu, akaendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Notre Dame. Kanisa lilimchukulia hatua za nidhamu mwaka 1992, baada ya wanawake kukataa kunyamaza. Seminari ilikiri kosa lake kwa ibada mwaka 2015, yeye akiwa amekwisha kufa.

Nilianza kuwalaumu wakubwa wale, kisha nikakumbuka kuwa nyani haoni kundule. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mama mmoja alikuja ofisini kushitaki kwamba mwalimu wangu anamsumbua binti yake. Nilichunguza, nikaona ni kweli. Nikamwombea mwalimu yule uhamisho kimyakimya, jina la shule lisichafuke. Mama aliposikia, alirudi akaniuliza, "Mwalimu, huko anakokwenda hakuna watoto?"

Sikumjibu. Nilijiambia kwamba nimeleta amani. Kumbe amani ile ilikuwa ya ofisi yangu tu. Binti alibaki na maumivu yake, na watoto wa shule nyingine wakapelekewa hatari.

Kitabu cha Yoder sijakitupa. Mafundisho yake juu ya kisasi naona ni ya kweli, na waliodhulumiwa naye ndio wa kwanza kustahili kusikilizwa. Kukitupa kitabu ni kazi ya dakika moja. Swali la mama yule bado sijalijibu.