Njia ya Long Beach: Reli Iliyotangulia Viwanja

Aprili 1961 tramu ya mwisho ilitoka Los Angeles kwenda Long Beach, na abiria waliobaki wakapewa mabasi. Ndivyo ulivyokoma mtandao wa magari mekundu ya Pacific Electric, ambao katika miaka ya 1920 ulikuwa na zaidi ya maili 1,000 za reli, takriban kilomita 1,600. Reli hizo ziliunganisha bandari, mashamba ya machungwa na vilima vya Pasadena, zikafika hadi San Bernardino huko bara.

Wamarekani wengi husimulia kifo hicho kama kisa cha mauaji: General Motors na wenye matairi na mafuta walinunua tramu ili waziue na kuuza mabasi. Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake, ila inaanzia mwisho. Mtu akitaka kuelewa kilichotokea, afuate njia moja tu, hii ya Long Beach, tangu siku ilipotandikwa.

Aliyeitandika alikuwa Henry E. Huntington, tajiri aliyerithi sehemu kubwa ya mali ya ami yake Collis, mmoja wa mabwana wa reli ya Southern Pacific. Mwaka 1901 Henry alianzisha Pacific Electric, na tarehe 4 Julai 1902 njia ya Long Beach ikafunguliwa. Kando ya kampuni ya reli alikuwa na kampuni ya ardhi, na humo ndimo ilimokuwa biashara yenyewe. Ardhi ilinunuliwa kwa bei ya shamba, reli ikapitishwa, kisha ardhi ikakatwa viwanja na kuuzwa kwa bei ya mjini. Long Beach ilikuwa na watu 2,252 katika sensa ya 1900. Miaka kumi baadaye, mwaka 1910, walikuwa 17,809. Huntington alipata fedha zake kwenye viwanja, na nauli haikumsumbua sana. Faida ya kusafirisha abiria peke yake ilikuwa haba tangu mwanzo.

Waliochimba na kulaza mataruma wengi wao walikuwa Wameksiko. Mwaka 1903 mamia yao waligoma, wakidai nyongeza ya senti chache kwa saa, wakati kampuni ilikuwa ikiharakisha kumaliza reli ya Main Street kabla ya sherehe kubwa ya jiji. Wasimamizi walikubali, Huntington akakataa, na mgomo ukavunjwa. Kambi zao zilikuwa kando ya njia, na mojawapo ilikuwa Watts, katika uwanda wa kusini, ambako njia nne za reli zilizotoka Los Angeles zilianza kugawanyika. Pale ndipo Simon Rodia, fundi mhamiaji kutoka Italia, alipoanza mwaka 1921 kujenga minara yake ya chuma, saruji na vipande vya vigae. Kiwanja chake kilipakana na reli, na kwa zaidi ya miaka 30 abiria wa magari mekundu waliiona minara ikipanda juu.

Mwaka 1911 Huntington aliiachia Southern Pacific magari mekundu, akabaki na tramu za njano za katikati ya jiji. Mmiliki mpya alijali zaidi mizigo. Viwanja vikubwa vilikuwa vimeshauzwa, na aliyekuwa na sababu ya kubeba hasara ya abiria hakuwapo tena. Nadhani hapa ndipo hatima ilipoamuliwa, miaka mingi kabla General Motors hawajagusa chochote.

Mambo mengine yalizidisha uzito. Katika miji mingi ya Marekani kampuni za tramu zilifungwa na mikataba iliyogandisha nauli kwenye senti 5, hata vita vya kwanza vya dunia vilipopandisha mishahara na bei ya chuma. Mikataba hiyohiyo mara nyingi iliwalazimu kutunza lami kandokando ya reli zao, lami iliyokuja kuwafaa wenye motokaa. Los Angeles ilijaribu, Aprili 1920, kupiga marufuku kuegesha magari katikati ya jiji saa za kazi ili tramu zipite. Wenye maduka na wenye magari walipiga kelele, mwigizaji Clara Kimball Young akaongoza msafara wa kupinga, na baada ya muda mfupi sheria ikalegezwa. Tangu hapo tramu ilisimama kwenye foleni nyuma ya motokaa, ikachelewa, na kila aliyechoshwa na kuchelewa akanunua motokaa yake.

Vita vya pili, mafuta na matairi yakiwa kwa mgao, viliirudishia Pacific Electric abiria zaidi ya milioni 100 kwa mwaka. Amani ilipokuja wakaondoka tena. Mwaka 1945 tramu za njano zilinunuliwa na kampuni tanzu ya National City Lines, iliyokuwa na fedha za General Motors, Firestone na Standard Oil ya California. Mwaka 1949 mahakama ya Chicago iliwatia hatiani kwa kula njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi na vifaa vyake kwa kampuni za usafiri za National City Lines. Faini ilikuwa dola 5,000 kwa kila kampuni na dola 1 kwa kila ofisa. Adhabu hiyo ni aibu. Lakini magari mekundu hayakuwa mali yao: huduma yake ya abiria iliuzwa mwaka 1953 kwa kampuni nyingine ya mabasi, na mwaka 1956 mabehewa yake mengi yalirundikwa ghorofa kwa ghorofa kwenye uwanja wa vyuma chakavu, Terminal Island.

Miaka minne baada ya tramu ya mwisho, Agosti 1965, Watts ililipuka kwa ghasia na watu 34 wakauawa. Tume iliyoongozwa na John McCone ilitaja usafiri duni na wa gharama kuwa miongoni mwa yaliyowazuia wakazi kufikia ajira. Watu Weusi wasio na gari walikuwa wanaishi kando ya reli ambayo zamani iliwafikisha mjini na bandarini.

Njia ya Long Beach ilirudi Julai 1990, kwa zaidi ya dola milioni 800, ikipita kwa sehemu kubwa mlemle, kwa kuwa treni za mizigo zilikuwa zimeilinda ardhi isiuzwe. Njia ya Hollywood haikubahatika hivyo. Handaki lake la 1925 lilifungwa mwaka 1955, misingi ya hoteli ya Bonaventure ikalikata, na ilibidi jiji lichimbe upya chini ya ardhi ili treni ifike tena Hollywood mwaka 1999.