Fanzini za Panki na Mashine za Ofisini

Ni nadra kusoma historia ya muziki wa panki usikutane na mchoro ule wa kodi tatu za gitaa: A, E na G, zimechorwa haraka kwa mkono, zikifuatiwa na agizo kwamba msomaji sasa akaunde bendi. Mara nyingi tunaambiwa umetoka Sniffin' Glue, kijarida cha panki cha London. Si kweli. Ulitoka katika toleo la kwanza la Sideburns, Januari 1977, kijarida cha mashabiki wa The Stranglers, na aliyeuchora ni Tony Moon.

Kosa hilo lina madhara. Linakipa kijarida kimoja sifa ya vijarida vingi, na mtu mmoja sifa ya kizazi kizima cha vijana waliokuwa wakichapa vurugu zao usiku, Glasgow, Manchester na kwingineko.

Fanzini zenyewe, yaani vijarida ambavyo mashabiki hujitengenezea, zilikuwepo Marekani tangu miaka ya 1930, mikononi mwa wapenzi wa hadithi za kisayansi. Greg Shaw na wenzake wakazileta kwenye roki, na Januari 1976 John Holmstrom akatoa jarida la Punk huko New York. Hayo yameshasimuliwa vya kutosha.

Tuje London, Julai 1976. Mark Perry, karani wa benki mwenye umri wa miaka 19, mkazi wa Deptford, alikuwa amepagawa na bendi ya Ramones na hakupata gazeti lililowaandika kama alivyotaka. Akaanzisha Sniffin' Glue: akaketi na taipureta ya kitoto, akaandika vichwa vya habari kwa maka peni, akapeleka kurasa zikatolewe fotokopi. Tazama ukurasa wowote wa Sniffin' Glue za mwanzo: mistari imepanda na kushuka, neno lililokosewa limefutwa kwa kuchorwa juu, karatasi zimebanwa kwa pini ya stepla kwenye kona. Nakala za kwanza zilitolewa kazini kwa mpenzi wa Perry, kwa mashine ya mwajiri.

Hapo kwenye mashine ndipo ninapoachana na wanaotafuta asili ya fanzini katika sanaa ya Dada na kwa Wasituationisti wa Paris, kundi la wasanii na wanasiasa wenye msimamo mkali. Mwandishi Greil Marcus aliisuka nasaba ya namna hiyo kwa panki nzima katika kitabu chake Lipstick Traces, 1989, na wengi wamemfuata. Kwa Jamie Reid, mbunifu wa picha za Sex Pistols, hoja hiyo ina mashiko. Alishachapisha Suburban Press huko Croydon tangu 1970 na siasa za Wasituationisti alizijua vizuri. Lakini kumbebesha karani wa Deptford mzigo huo ni kumpokonya kazi yake mwenyewe. Mtu alikata herufi kubwa gazetini kwa sababu hakuwa na fedha za kulipia matbaa. Kosa lilibaki ukurasani kwa sababu kupiga taipu upya kungekula jioni nzima, na kesho yake kuna kazi. Ukitaka asili ya fanzini, uliza nani alikuwa na ufunguo wa chumba cha fotokopi. Katika ofisi za Uingereza za wakati ule, waliokaa karibu na taipureta na mashine hizo wengi wao walikuwa wasichana.

Ndiyo maana inaniuma kuona fanzini ya Jolt ikitajwa kwa sentensi moja, kama inatajwa kabisa. Lucy Whitman, aliyejiita Lucy Toothpaste, aliianza Januari 1977 na kutoa matoleo matatu tu. Wakati vijarida vingine vikibishana ni bendi ipi panki halisi, yeye aliuliza wanawake wako wapi jukwaani, na aliwachukia mafashisti waziwazi. Msimamo wake ulikuwa na uzito. Agosti 1976 mpiga gitaa Eric Clapton alikuwa amemsifu Enoch Powell, mpinzani wa wahamiaji, mbele ya hadhira yake Birmingham, na National Front, chama cha mrengo mkali wa kulia, kilikuwa kikiwania vijana wa mitaani. Jibu lilikuwa kampeni ya Rock Against Racism, na kijarida chake, Temporary Hoarding, kilitoka Mei Mosi 1977. Lucy akahamia huko na maswali yaleyale, akiwabana wanamuziki wajieleze kuhusu ubaguzi na jinsia. Aprili 1978 maelfu kwa maelfu waliandamana kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, ambako The Clash, Steel Pulse na X-Ray Spex ya Poly Styrene walipiga muziki. Umati ule haukuitwa na kodi tatu peke yake.

Perry alifunga Sniffin' Glue mwaka 1977, baada ya toleo la 12, ikiuza maelfu ya nakala, na waandishi wengi hufunga sura hapohapo. Wanaacha sehemu nzuri. Kampuni ya Better Badges ya Joly MacFie, watengeneza beji wa London, ilianza kuchapa fanzini kwa mkopo: unaleta kurasa, unachapiwa, unalipa ukishauza. Hapo karani hakuhitaji tena kusubiri bosi aondoke.