Hesabu ya Ghalani Katika Bonde la Kilombero

Aghalabu litajwapo neno utamaduni, mawazo yetu hukimbilia ngoma, mavazi na mashairi. Ni nadra mtu kukumbuka ghala. Hata hivyo, jinsi watu wanavyoihesabu mali yao, na nani wanayemruhusu kuihesabu, ni sehemu ya utamaduni wao. Na mahali pafaapo kulitazama jambo hili ni Ifakara, katika bonde la mpunga.

Mto Kilombero hufurika wakati wa masika, na mavuno huja baada ya maji kupungua. Basi akiba ya mwaka uliopita ndiyo iliyowalisha Wandamba, Wambunga na Wapogoro katika miezi ya maji. Aliyekosea kukadiria kilichobaki alijikuta akila mbegu. Vipimo vya pwani, yaani kibaba na pishi ya vibaba vinne, vilienea bara pamoja na biashara. Baadaye likaja debe la mafuta ya taa, na pamoja nalo ugomvi ambao wazee wengi wanaukumbuka: je, debe lijae hadi ukingoni, au lifanye kilele? Mnunuzi alitaka kilele. Alipouza yeye, kilele kilitoweka.

Sheria ya vijiji ya mwaka 1975, na kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, viliubadili mzigo huo. Kijiji chenyewe sasa kilinunua nafaka kwa niaba ya Shirika la Usagishaji la Taifa. Kijana aliyehitimu darasa la saba aliweza kukabidhiwa mizani, kitabu cha stakabadhi na ufunguo wa ghala. Hapo ndipo leja na magunia vilipoanza kushitakiana.

Tuchukue mfano. Kilo 100 za mpunga wenye unyevu wa asilimia 18 zikikauka hadi asilimia 14, hubaki kilo 95 na kitu kidogo. Hakuna aliyeiba, maji yameruka hewani. Ongeza panya, fukusi na magunia yaliyotoboka, na mtunza ghala mwaminifu aweza kusimama mbele ya mkutano wa kijiji akiitwa mwizi. Kwa upande wa pili, mwizi naye hupata kisingizio hicho hicho: “Umekauka.” Twaona kwamba leja peke yake haiwezi kuwatenganisha watu hawa wawili.

Kinachowatenganisha ni kuingia ghalani. Magunia ya tabaka moja huhesabiwa, yakazidishwa kwa idadi ya matabaka; lakini mhesabuji mwenye busara hulizunguka lundo na kulifungua, maana lundo laweza kuwa tupu katikati. Kisha hupima baadhi ya magunia, kwani idadi yaweza kutimia na uzito usitimie. Mmoja huhesabu, mwingine huandika, na mtunza ghala hushuhudia bila kushika kalamu. Kazi hii ina vumbi na joto, na kwa maoni yetu ndiyo sababu iliachwa mara nyingi mno kwa yule yule aliyepaswa kukaguliwa.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliirudisha hoja hii kwa sura nyingine. Mkulima huacha mzigo wake ghalani, hupewa karatasi, na karatasi hiyo yaweza kuwekwa rehani benki. Benki haiyaoni magunia. Humwamini yule aliyeingia akayahesabu.